Kipimo cha karatasi

Kipimo cha karatasi ni kifaa rahisi kinachoonyesha kemikali fulani kwa kubadilika rangi, bila mashine wala umeme. Shuleni hujulikana karatasi ya litmasi, ambayo huwa nyekundu katika asidi na buluu katika besi.

Katika zahanati za wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, ndugu yake ni kipimo cha haraka cha malaria (mRDT). Ndani ya kasha la plastiki mna utepe wa nitroselulosi. Tone la damu ya kidoleni na matone ya kimiminika maalumu husafiri juu yake kama mafuta yanavyopanda utambi wa kibatari. Protini ya vimelea iitwayo HRP2, ikiwemo, hunaswa na kingamwili zilizofungwa kwenye chembe ndogo mno za dhahabu, na mstari mwekundu hutokea. Mstari wa C usipoonekana, kipimo kimeharibika na hakisomwi.

Kabla ya hapo homa nyingi zilitibiwa kwa kukisia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini-mashariki mwa Tanzania, ulikuta kwamba kati ya wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria kali, ni 2,062 tu waliokuwa na vimelea. Wengine waliugua kitu kingine, na wale wa hali mbaya miongoni mwao walifariki kwa kiwango kikubwa kuliko wenye malaria.

HRP2 hubaki damuni kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Kwa hiyo kuthibitisha kupona bado ni kazi ya hadubini.