Vinasaba si Nasaba: Cheti cha Maabara Mbele ya Hukumu ya Firashi

 

Katika miaka ya karibuni limeingia jambo katika misikiti yetu ya Mbagala, Tandika, Tandale na Bunju ambalo vitabu tulivyosomeshwa chuoni havikulitaja kwa jina. Mume humwendea imamu akiwa na cheti cha maabara mkononi, au akiwa na nia ya kukitafuta, na kuuliza: Mtoto huyu ni wangu au si wangu? Na kama si wangu, atanirithi? Imamu asiyejua kinachopimwa maabara atajibu kwa kukisia. Na imamu anayeijua maabara lakini amesahau babu ya liani atajibu vibaya zaidi, kwa sababu atajibu kwa kujiamini.

Tuanze na neno lenyewe. Waliotupatia neno "vinasaba" wamelichukua neno "nasaba" la Kiarabu na kulitia kiambishi. Limekaa vizuri ulimini, lakini limebeba hukumu ndani yake, kwani asikiaye hudhani kuwa kinachopimwa ni nasaba. Waarabu wenyewe wamekiita kipimo hiki al-basma al-wirathiyya, yaani chapa ya kurithi, kwa kukifananisha na chapa ya kidole. Neno nasab hawakuliingiza. Nasaba katika sheria ni hukumu, ambayo ndani yake mna mirathi, umahramu, walii wa ndoa na nafaka. Chapa ya kurithi ni wasfu wa mwili. Aghlabu viwili hivi hukutana, lakini si kitu kimoja.

Kinachopimwa ni nini? Katika kila seli yenye kiini mna utepe mwembamba ulioandikwa kwa "herufi" nne tu, zenye kufikia takriban bilioni 3, zikiwa zimegawanyika katika jozi 23. Nusu ya jozi hutoka kwa baba na nusu kwa mama. Umbo la utepe huo lilielezwa na Watson na Crick mwaka 1953. Mwaka 1984 Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, aligundua njia ya kumtambua mtu kwa utepe wake. Inafaa kukumbuka kuwa kesi ya kwanza kutumia elimu hiyo, mwaka 1985, haikuwa ya jinai. Ilikuwa ya uhamiaji: mtoto wa familia yenye asili ya Ghana alitiliwa shaka na maofisa kuwa si mwana wa mama aliyedai kumzaa, na kipimo kikathibitisha kuwa ni wake. Yaani kilianza kwa kuthibitisha, si kwa kukanusha.

Maabara haisomi herufi zote hizo. Huangalia sehemu chache, ishirini hivi, ambazo kipande kifupi cha maandishi hujirudia mara kadhaa, na idadi ya marudio hutofautiana baina ya watu. Kila sehemu mtoto ana idadi mbili, moja ya mama na moja ya baba. Ikiwa sehemu moja inalingana na mtuhumiwa wa ubaba, hiyo si hoja kubwa, kwani pengine mtu 1 kati ya 10 mjini ana idadi hiyo hiyo. Sehemu mbili zikilingana, ni 1 kati ya 100. Sita zikilingana, ni 1 kati ya 1,000,000. Hapo mwanafunzi wa Hadithi atatambua kitu anachokijua: hii ni tawaturi. Mpokezi mmoja aweza kukosea. Wapokezi wengi wasioweza kuafikiana juu ya uongo hutupa yakini. Nguvu haitoki kwa mmoja mmoja wao. Inatoka katika wingi wao pamoja na kila mmoja kujitegemea.

Na sharti likivunjika, tawaturi huvunjika. Wapokezi kumi waliochukua kwa sheikh mmoja wanahesabiwa mmoja katika tabaka hiyo. Kadhalika ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja wamechota kisima kimoja, na alama zao hufanana sana. Ikiwa tuhuma ni juu ya mume na nduguye, na aliyepimwa ni mume peke yake, kulingana kwa alama hakuna nguvu ile ile. Mtaalamu huhitaji kuambiwa habari hiyo kabla. Halikadhalika zile "1 kati ya 10" hutokana na daftari la watu waliopimwa. Daftari la Wazungu halifai kuwa mizani ya watu wa Temeke.

Liko jambo jingine ambalo wenye vyeti hawalisomi. Namba ya asilimia 99.9 hutoka katika hesabu ambayo, kwa kawaida, huanza kwa kudhani kuwa kabla ya kipimo mtu huyu alikuwa nusu kwa nusu, huenda ni baba na huenda si baba. Kwa hakimu asiyejua chochote hilo huenda likafaa. Lakini mume mwenye firashi kwetu hayuko nusu kwa nusu. Asli ni kuwa mtoto ni wake.

Upande wa kukanusha kipimo kina nguvu zaidi, na hilo tulikubali kwa insafu. Sehemu kadhaa zikitofautiana waziwazi, mtu huyo si mzazi wa mwili. Sehemu moja tu ikitofautiana, maabara yenye uangalifu haikanushi, kwani utepe nao hunakiliwa, na mnakili huweza kukosea herufi kama mwandishi wa mswada.

Sasa tuje kwenye ile habari inayorudiwa mno vibarazani, kwamba karibu nusu ya wanaume waliopimwa Tanzania wamekutwa si baba wa watoto wanaowalea. Magazeti yameiandika mara kwa mara, kisha watu wakaisoma kana kwamba nusu ya watoto wa Dar es Salaam si wa baba zao. Hili ni kosa la hesabu kabla ya kuwa kosa la dini. Waliopimwa si watu wote; ni wale waliokwisha kugombana. Ni sawa na mtu akae katika ofisi ya kadhi, ahesabu wanaokuja kudai talaka, kisha atangaze kuwa ndoa zote za mji zinavunjika. Anayeibeba namba hiyo na kuitupa juu ya wanawake wa mtaa wake anakaribia mlango wa kadhfu, na adhabu yake katika Suratun-Nur inajulikana.

Turudi kwenye dalili. Mtume (s.a.w.) hakupuuza dalili za mwili. Bibi Aisha (r.a.) amepokea, na Hadithi imo katika Bukhari na Muslim, kuwa alimwingilia akiwa na furaha, kwa sababu Mujazziz al-Mudliji, mjuzi wa qiyafa, aliiona miguu ya Zayd na mwanawe Usama imetokeza chini ya nguo, akasema ni ya watu wa asili moja, ilhali mmoja alikuwa mweupe na mwingine mweusi. Kwa Hadithi hii Imamu Malik, Shafii na Ahmad wameikubali qiyafa, na Abu Hanifa hakuikubali. Tena alipokuja bwana wa Bani Fazara akilalamika kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi, Mtume (s.a.w.) alimuuliza juu ya ngamia zake na rangi zao mpaka bwana yule mwenyewe akasema kuwa huenda ni mshipa wa asili uliovuta. Wataalamu wa leo wangeongeza maelezo marefu, lakini kiini ni hicho.

Lakini angalia kesi ya mtoto wa kijakazi wa Zam'a. Sa'd bin Abi Waqqas alidai ni mtoto wa nduguye Utba, na kufanana kwake na Utba kulikuwa wazi. Mtume (s.a.w.) alikuona kufanana huko, akamhukumia Abd bin Zam'a kwa kuwa mtoto ni wa mwenye firashi, kisha akamwamuru mkewe Bibi Sauda bint Zam'a ajisitiri mbele ya kijana huyo. Dalili ya mwili ilifanya kazi katika ihtiyati na haikuvunja nasaba. Na katika liani ya Hilal bin Umayya, mtoto alizaliwa akimshabihi aliyetuhumiwa, na hukumu iliyopita haikubadilishwa.

Juu ya msingi huu Baraza la Fiq'hi la Rabita ya Makka, katika kikao chake cha 16 cha Januari 2002, lilitoa uamuzi wake. Haijuzu kutegemea chapa ya kurithi kukanusha nasaba, wala kuitanguliza mbele ya liani, wala kuitumia kuhakikisha nasaba iliyokwisha thibiti. Inajuzu pale nasaba haijulikani na watu wanagombea, watoto wanapochanganywa hospitali, na katika ajali na maafa. Likazitaka serikali zisiruhusu kipimo hiki ila kwa kutakiwa na mahakama. Wapo wanavyuoni wa zama hizi wenye kuona zaidi ya hapo, hasa mke anapotaka kipimo ili kujitakasa, na hoja yao si dhaifu.

Kwetu, Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 imeweka kazi hii chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na maombi hupitia kwa wenye mamlaka kama mahakama, afisa ustawi wa jamii au wakili. Mtu haendi tu kwa hasira zake. Nionavyo mimi, kizuizi hicho ni sitara, na wanaokilalamikia wangefikiri mara mbili.

Upande wa maafa faida yake ni kubwa. Lori la mafuta lilipolipuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, zilikuwapo maiti zisizotambulika kwa macho. Bila ya njia ya kutambua, mtu hubaki mafkudi: mkewe hajui eda yake ianze lini, na mirathi husimama.

Katika tarikhi nako elimu hii imegusa ukoo wetu. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa mifupa ya watu 80 wa zamani, wakiwamo wa Manda, Mtwapa na Kilwa, ukionyesha kuwa wengi wa mwambao walichanganya asili ya akina mama wa Kiafrika na akina baba waliotoka zaidi Uajemi, mchanganyiko ulioanza kadiri ya mwaka 1000. Ni habari ya kundi, iliyofikiwa kwa hesabu za makadirio. Haimpi mtu yeyote shajara.

Sasa mume mwenye cheti afanye nini? Kwa madhehebu yetu ya Shafii, kama ilivyo katika Minhaj ya Imamu Nawawi, anayejua kwa yakini kuwa mtoto si wake humlazimu kumkanusha, lakini kukanusha ni papo hapo apatapo habari. Aliyepongezwa kwa mtoto na kuombewa dua, naye akaitikia "amin", haki hiyo imempita, na nasaba iliyokirihiwa baada ya kukiriwa haivunjiki. Cheti ni karina. Huweza kumsukuma mume kwenye liani, lakini hakiwi badala ya liani.

Na liani haifanyiki sebuleni. Husimama mbele ya hakimu, na Bara hatuna Mahakama ya Kadhi yenye nguvu ya dola kama ya Zanzibar. Wako wanaosema wanandoa wamteue sheikh wanayemridhia awalianishe. Wafasiri wa Minhaj wamelikataza hilo pale penye mtoto wa kukanushwa, ila akiwa ni mukallafu na mwenyewe akaridhia, kwa sababu nasaba ni haki yake naye, na ridhaa ya baba na mama haiipotezi. Basi imamu asimame hapo: amzuie mume asitangaze, ampeleke kwa makadhi wenye ujuzi, na mpaka liani itimie kwa masharti yake mtoto huyo anaitwa kwa jina la baba yake, analishwa naye na anamrithi. Ikitimia, hurithiana na mama yake na jamaa za mama yake, wala haitwi mwana wa zinaa.