Samaki Jitu Aliyedhaniwa Dinosaria

Mashimo ya udongo wa matofali karibu na mji wa Peterborough, Uingereza, ndiyo yaliyotoa masalia ya samaki anayetajwa kuwa mkubwa kuliko samaki wote wa mifupa waliowahi kuishi. Ila kumtambua tu kuwa ni samaki kulizua ubishi.

Aliyekusanya mifupa hiyo, Alfred Leeds, alikuwa mkulima. Wachimbaji wakikuta mfupa, yeye aliufuata shimoni, akausafisha na kuviunga vipande nyumbani kwake. Mwaka 1887 mtaalamu John Hulke aliiona mifupa mipana na myembamba, akasema ni ya mgongo wa dinosaria. Mwaka uliofuata Mmarekani Othniel Marsh, bingwa wa dinosaria, alifika akaitazama na kukataa: huyu ni samaki. Mwaka 1889 Arthur Smith Woodward wa Makumbusho ya Uingereza akamwandika rasmi kuwa spishi mpya, Leedsichthys problematicus.

Samaki huyu aliishi zaidi ya miaka milioni 160 iliyopita, eneo hilo lilipokuwa bahari. Hakuwinda wakubwa wenzake. Alipanua kinywa, akayachuja maji kwa matamvua na kumeza viumbe wadogo, kama afanyavyo leo papa potwe wa kisiwa cha Mafia, ingawa hawana undugu wa karibu.

Kumpima ndiko kulikowatoa jasho wataalamu. Sehemu kubwa ya kiunzi chake ilikuwa gegedu, nayo huoza upesi. Uti wa mgongo haukubaki, na mifupa iliyosalia ni myembamba, imepasukapasuka. Waliokisia urefu wake walifika hata mita 27. Mwaka 2001 wanafunzi wawili wa chuo kikuu waliona mifupa ya mwingine huko Whittlesey, jirani na Peterborough, na uchimbaji uliofuata ukatoa vipande zaidi ya 2,000. Utafiti wa mwaka 2013, uliohesabu alama za ukuaji ndani ya mifupa, ulimpunguza: akiwa na miaka 38 hivi, alifikia mita 16.5.

Kwa hiyo kuipa spishi jina ni kufungua jalada tu, na mara nyingi mwenye kulifungua ni mtu wa sururu na koleo. Nawe ukichimba kisima, kokoto au udongo ukakuta mfupa uliogeuka jiwe, usiuvunje wala usiuuze. Weka alama mahali ulipoukuta, kisha toa taarifa makumbusho ya taifa.