Hema juu ya gari: kwa nini dereva anakataa gunia lako

Msimu wa kiangazi, ukikaa kando ya barabara ya Mto wa Mbu kwenda Engaruka hadi Ziwa Natron, utayaona magari ya kukodi, Land Cruiser na Land Rover, yenye sanduku kubwa bapa juu ya keria. Sanduku hilo ni hema. Jioni linafunguliwa, ngazi inashushwa, watu wawili wanapanda kulala. Vijana wetu wengine huyaendesha magari hayo au huchukuliwa kuonyesha njia. Ndipo linapokuja swali: kama paa linabeba watu wazima wawili, kwa nini dereva akatae gunia moja la mkaa?

Gari lililoegeshwa hubeba uzito uliotulia, unaokandamiza kwenda chini tu. Likitembea, kila shimo huurusha mzigo juu na kuuangusha tena kwenye paa, kila kona huusukuma pembeni, kila breki huusukuma mbele. Kwa hiyo kitabu cha gari hutaja kilo ambazo paa linaruhusiwa kubeba safarini, nazo ni chache kuliko watu wanavyodhani.

Tuseme kitabu kinaruhusu kilo 100. Mahema mengi ya aina hii yana kilo 50 hadi 80. La kwako lina 60. Keria ya chuma ina 30. Zimebaki 10. Dumu moja la maji la lita 20 ni kilo 20, basi umeshazidisha, na tairi la akiba bado hujalipakia. Maji, mafuta na vyuma vikae ndani, chini kabisa. Abiria juu ya keria ndiyo usithubutu, hata kama ni hapo jirani tu.

Paa kubonyea si tatizo kubwa. Tatizo ni gari kupinduka. Mtazame mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani: hageuki ghafla, maana ndoo inachelewa kumfuata. Gari lenye hema liko vivyo hivyo. Ndama akiruka barabarani, dereva akikata usukani kulia na kuurudisha kushoto haraka, uzito wa juu unaendelea kwenda kule ulikokuwa unakwenda, na magurudumu ya upande mmoja yananyanyuka. Dawa ni mwendo mdogo tangu mapema, ili ukifika kwa ndama ukanyage breki usukani ukiwa umenyooka.

Kwenye korongo, shuka kwanza uangalie kwa miguu. Teremka na upande ukiwa umenyooka, si kwa mshazari, kwa gia nzito. Ukijikuta kwenye mteremko wa pembeni na gari linaanza kulala, geuza usukani kuelekea bondeni. Mkono utataka kwenda mlimani, usiufuate. Korongo likiwa na maji yanayokimbia, subiri. Mvua ya milimani huleta maji hata kama ulipo hakuna wingu.

Kwenye mchanga madereva hupunguza upepo wa matairi, na ni sawa. Lakini tairi laini chini ya gari lenye mzigo juu huyumba zaidi, kwa hiyo nenda polepole na ujaze upepo kabla ya kurudi barabara ngumu.

Halafu kuna barabara iliyojikunja kama bati. Mtetemo wake hulegeza nati za keria bila wewe kusikia chochote. Kila unaposimama, shika hema ulitikise. Likicheza, toa spana. Na ujue urefu wa gari lako pamoja na hema, uuandike mbele ya usukani, kwa sababu matawi ya migunga na mageti hayapimi.

Jioni tafuta mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu kabla ya yeyote kupanda. Asubuhi, kama kulikuwa na umande mwingi au mvua, liache hema likauke kwanza kabla ya kulifunga. Turubai lililolowa ni zito, na kilo hizo nazo zinakwenda juu ya paa.