Toleo la Chini Kabisa: Habari ya Django na Python



Wengi wametuuliza: sababu gani programu mpya inakataa kutumika katika mashini ya zamani? Tumeona vema tueleze kwa mfano mmoja wa kweli.

Django ni kiunzi cha programu, ni kusema mbao zilizokwisha kukatwa na kupimwa, ili mwenye kujenga tovuti asianze kila kitu upya. Ilizaliwa katika gazeti moja la mji wa Lawrence, Marekani, na tangu mwaka 2005 iko wazi: kila mtu anaweza kuisoma, kuitumia ao kuitengeneza bila kulipa. Imeandikwa kwa lugha ya Python. Basi watunzaji wake wanapaswa kusema: toleo la chini kabisa la Python tunalokubali ni lipi?

Neno hili si dogo. Mwaka 2008 Python 3 ilitoka, nayo haikupatana kabisa na Python 2. Tuandike 7/2. Python 2 inajibu 3, baki inatupwa. Python 3 inajibu 3.5. Alama ni zile zile, jibu ni lingine! Fikiri kama ni hesabu ya pointi zako za mtihani.

Watunzaji wa Django hawakukata kamba mara moja. Toka Django 1.5 ya mwaka 2013 walianza kujaribu Python 3, na kwa miaka karibu mitano walichukua lugha zote mbili pamoja. Mzigo ulikuwa mzito: kupima kazi pande mbili, tena kuacha mambo mazuri ya lugha mpya, maana ile ya zamani haiyajui. Mwezi wa 12, 2017, Django 2.0 ikaacha Python 2 na kuomba Python 3.4 ao zaidi. Lakini wenye kubaki nyuma hawakutupwa: Django 1.11 iliendelea kupewa matengenezo ya usalama hata mwezi wa 4, 2020. Python 2 yenyewe ilikuwa imefikia mwisho wake tarehe 1 Januari 2020.

Tunaona hatari mbili. Ukiweka mpaka chini sana, watunzaji wanachoka. Ukiuweka juu sana, maskini wa mashini anabaki inje.

Na sisi je? Mashini yenye Windows 7 inaishia Python 3.8. Django 5.0 ya mwaka 2023 inaomba Python 3.10. Kwa hiyo mwenye mashini ile anaishia Django 4.2. Ajifunze nayo bila haya. Lakini Python 3.8 haitengenezwi tena tangu mwezi wa 10, 2024. Basi asiweke siri za watu humo na kuifungulia intaneti.

Wandugu, mbele ya kuanza kazi ya pamoja, tuulize kwanza: mashini ya mwenzetu iliye ya zamani kuliko zote iko na toleo gani? Tukijua hilo, tutachagua mpaka wetu kwa akili, na hakuna atakayeshangaa siku ya mwisho.