Je, Wajua? Mlaze Mtoto Chali!

Je, wajua kwamba kumgeuza tu mtoto, asilale kifudifudi bali chali, kumeokoa maisha ya maelfu kwa maelfu ya watoto wachanga duniani? Si dawa, si sindano, wala hakuna senti iliyotoka. Kumgeuza tu!

Sogea nikupe takwimu. Marekani, mwaka 1990, watoto wapatao 130 katika kila 100,000 waliozaliwa hai walikufa ghafla usingizini bila sababu kujulikana. Mwaka 1994 ikaanza kampeni ya taifa ya kuwalaza watoto chali. Kufikia 2020 idadi ilikuwa imeshuka hadi 38 hivi!

Na kifudifudi kilitoka wapi? Daktari Benjamin Spock, ambaye kitabu chake cha malezi kiliuza nakala zipatazo milioni 50, aliwashauri wazazi hivyo katika toleo la mwaka 1958. Alihofia mtoto aliyelala chali angepaliwa na matapishi yake.

Hofu hiyo unayo hata wewe, sivyo? Basi weka kidole shingoni, hapo mbele. Hilo gumu unaloligusa ni bomba la hewa, na njia ya chakula iko nyuma yake. Mtoto akilala chali, bomba la hewa linakuwa juu, na maziwa anayocheua yanarudi chini kwenye njia ya chakula. Mfikirie sasa akiwa kifudifudi: bomba la hewa ndilo liko chini, na maziwa huelekea huko!

Wajua kwamba vifo 9 kati ya 10 vya namna hii hutokea kabla mtoto hajatimiza miezi 6? Hatari hupanda zaidi kati ya mwezi wa 1 na wa 4. Na mama akinyonyesha kwa miezi 2 tu, hatari inapungua karibu nusu. Miezi 2!

Hii nayo sikia. Wanawake wawili waliofika mbele ya Mfalme Sulemani wakigombea mtoto, kisa chao kilianzia kitandani: mmoja alikuwa amemlalia mwanawe usiku, akafa. Fungua Biblia, 1 Wafalme 3:19.

Karne nyingi baadaye, mjini Florence, Italia, yaya anyonyeshaye alilazimika kumlaza mtoto ndani ya kizimba cha mbao kiitwacho arcuccio, chenye urefu wa karibu mita 1. Matao yake yalizuia blanketi na mwili wa mtu mzima visimwelemee mtoto. Ubavuni paliachwa nafasi, yaya aingize titi mtoto anyonye humo humo! Asiyekitumia alitishiwa kutengwa na Kanisa. Habari zake zilichapishwa London mwaka 1732, katika jarida la Royal Society.

Finland? Tangu 1938 serikali huwapa kina mama sanduku la nguo za mtoto, lenye godoro dogo chini. Nguo zikitolewa, sanduku lenyewe linakuwa kitanda cha kwanza cha mtoto. Watoto wengi wa Finland wamelala sandukuni!

Kochi je, unalionaje? Laini, la kustarehe. Lakini mtu mzima akisinzia na mtoto juu yake, hatari ya kifo huweza kupanda hadi mara 50. Ukihisi usingizi unakujia, nyanyuka umpeleke kitandani kwake.

Na chumbani anamolala mtoto, wajua kwamba moshi si kipimo cha hatari ya jiko la mkaa? Hata mkaa ulioshika wote, usiofuka kabisa, hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Jiko lisilale ndani, hata kuwe na baridi ya namna gani.

Na neti ichomekwe chini ya godoro pande zote, maana mbu wa malaria hupenda kuuma usiku wa manane. Ndani ya neti abaki mtoto peke yake juu ya godoro gumu: mto, mwanasesere na kanga zilizokunjwa vitoke.

La mwisho, na hili uwaambie bibi na dada anayekulelea mtoto leo hii. Mtoto aliyezoea kulala chali, siku akilazwa kifudifudi kwa mara ya kwanza, hatari kwake huweza kupanda hadi mara 18. Basi wote wamlaze chali, usiku na mchana!