Roho ya Fidla
Unyevu wa bahari uilegezapo ngozi ya ngoma, wapiga ngoma wa Kwale, toka Diani hadi Msambweni, huipasha moto ikakaza. Fidla ya taarabu haina dawa hiyo, kwani joto hufumua gundi yake. Sauti yake hutegemea kijiti kisimamacho ndani, baina ya ubao wa mbele na wa nyuma, karibu na mguu wa daraja upande wa uzi mwembamba. Hakigundishwi, hushikwa na mbano tu. Kikianguka, fundi hukidunga kwa chuma chembamba chenye umbo la S, akakipitisha tunduni na kukisimamisha wima. Ndiyo maana hubadilishwa uzi mmoja mmoja, mbano usilegee. Waitaliano na Wafaransa hukiita “roho”. Istilahi hiyo yafaa Kiswahili pia: kijiti kikikosekana, sauti hufifia.