Fahamu: Kwa nini mkanda wa usalama pekee haumtoshi fundi wa juu

Fundi akiteleza kwenye mnara wa simu na kudakwa na mkanda wake, bado hajaokoka. Ameshinda hatari ya kwanza tu.

Kuning'inia kunadhuru vipi?

Misuli ya miguu husaidia kusukuma damu irudi moyoni. Anayening'inia wima bila kusogea hukosa msukumo huo, huku mikanda ya mapajani ikibana mishipa. Damu hutuama miguuni, ubongo ukapungukiwa, na mtu anaweza kuzimia ndani ya dakika chache. Kwa hiyo mpango wa kumshusha haraka ni lazima uwepo kabla hajapanda. Kumtuma mtu juu bila mpango huo ni kumtelekeza.

Wavu wa Golden Gate

Daraja hilo la San Francisco lilipojengwa, kati ya 1933 na 1937, wavu ulitandazwa chini ya mafundi. Uliwaokoa 19. Lakini Februari 17, 1937, jukwaa liliporomoka likauchana, watu 10 wakafa.

Na hofu ya kuwa juu?

Si woga wa kitoto. Macho huusaidia mwili kusimama imara kwa kutazama vitu vya karibu. Juu sana kila kitu kiko mbali, mwili huyumba na kizunguzungu huanza.

Sheria

Kanuni za Uingereza za 2005 kuhusu kazi za juu zinamtaka mwajiri ajiulize kwanza: je, kazi hii inaweza kufanyiwa chini?